Kaka yangu anakoroma sana na tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Tutalalaje na wageni kibanda kimoja?

BintiMwika
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa waliowahi kulala kambi za njia hiyo: Mandara, Horombo na Kibo.

Mwezi wa kumi na mbili tunapanda mlima tukiwa watatu: mimi, kaka yangu na mwenzangu wa kazini. Tumechagua Marangu kwa sababu mgongo wangu haukubali kulala chini kwenye hema, na kwa Kilimanjaro hiyo ndiyo njia pekee yenye vibanda na vitanda. Shida ni kaka. Anakoroma, na si kukoroma kwa mtu aliyechoka na kazi. Nyumbani tunafunga milango na bado tunamsikia. Wifi yangu amezoea, lakini mgeni hajazoea. Nimeambiwa vibanda vya Mandara ni vya watu wanne, kwa hiyo wa nne wetu atakuwa mtu tusiyemjua, pengine katoka mbali na kalipa fedha nyingi. Kibo ndiyo kabisa, vyumba vikubwa na watu wengi.

Naomba kujua: tumwambie huyo mtu mapema au tunyamaze? Kaka akianza, nani ana haki ya kumwamsha, na anamwamshaje? Yeye mwenyewe ameanza kusema bora abaki Moshi atungoje. Sitaki abaki, tumeisubiri safari hii kwa miaka.

Sijui kama hili linahusika, lakini wakati mwingine anakoroma kwa nguvu, ananyamaza ghafla kwa muda, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka majini.

Mgumu_wa_Marangu
Dada, mwache kaka apande. Nimefanya kazi njia hiyo, kwanza kama mpagazi na sasa kama muongozaji, na sijaona usiku mmoja Horombo ambao hakuna anayekoroma. Hewa ya kule ni baridi na kavu, pua zinaziba, watu wanapumua kwa mdomo. Hata asiyekoroma nyumbani anaanza kukoroma mlimani.

Kuhusu kusema mapema: semeni, tena mapema sana. Msingoje taa zizimwe. Mkishajiandikisha kambini na kupangiwa kibanda, mwambie mwenzenu mezani wakati wa chai: "Huyu kaka yangu anakoroma, akikusumbua niamshe mimi, nitamgeuza." Mtu akijua, na akijua kuna wa kumwambia, hasira inapungua nusu. Kinachowaudhi watu ni kugundua saa saba usiku na kukosa wa kumwambia.

Pia mwambieni muongozaji wenu kabla hamjaingia getini. Kambi ikiwa haijajaa anaweza kuwaombea kibanda peke yenu. Desemba usitegemee sana, karibu na tarehe 9 Watanzania wengi wanapanda kwa ajili ya sikukuu ya Uhuru, na baada ya hapo wanaingia wageni wa Krismasi.

Chui_wa_Tabata
Mimi nitasema tofauti na mnisamehe. Anayejua anakoroma kiasi cha kusikika vyumba vyote achukue njia ya hema. Machame, Lemosho, Rongai, kote huko unalala kwenye hema lako. Watu wanaolala Kibo wanaamshwa saa tano usiku, saa sita wako njiani kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Wanapata saa nne tano za kulala, wengine hawapati hata hizo. Kuzichukua hizo saa ni kumharibia mtu safari nzima.

Mgumu_wa_Marangu
Mkuu Chui, hema halizuii sauti. Kambi ya Barranco, njia ya Machame, mahema yamesongamana, anayekoroma anasikika na mahema yote jirani. Na dada amesema ana mgongo.

Hoja yako ya Kibo naiheshimu, ila nikuambie ninachokiona pale. Kinachowanyima watu usingizi Kibo kwanza ni mwinuko wenyewe. Ni zaidi ya mita 4,700, moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga, unajigeuza tu. Pili ni watu walio macho wanaopanga mabegi. Zipu, karatasi za biskuti, tochi ya kichwani inayomulika nyuso za watu waliolala. Anayekoroma hakuchagua kukoroma. Anayewasha tochi kali saa tatu usiku kutafuta soksi amechagua.

MamaTausi
Hapo kwenye tochi umenena. Nilipanda na dada zangu wa kikundi, na usiku wa Horombo ndio uliotushinda kuliko wa Kibo. Pale wanakutana watu wa aina mbili: wanaopanda, wenye hofu na wanaotaka kulala mapema, na walioshuka kileleni siku hiyohiyo, wenye furaha na hadithi nyingi. Walioshuka wanacheka hadi usiku, halafu wakishalala wanakoroma kwa uchovu. Kwa hiyo dada, kaka yako usiku wa kushuka atakuwa na wenzake wengi.

Kwa wanawake niongeze: vibanda vinachanganya wanaume na wanawake wasiojuana. Usimguse mwanaume mgeni ili aache kukoroma, na mgeni asimguse mwenzako. Mwite kwa jina. Ndiyo maana ni vizuri kujuana majina mezani. Asipoamka, amsha aliyekuja naye. Nguo za kubadilisha zitoe mchana uziweke ndani ya begi la kulalia, utavalia humohumo, zitakuwa na joto pia.

Na simu zenye adhana au kengele ya sala, ziwekeni kwenye mtetemo chini ya mto. Mimi nasali na sijawahi kuikosa alfajiri kwa mtetemo.

nesi_wa_zamu
BintiMwika, wote wamekujibu kuhusu adabu, mimi nimesimama kwenye aya yako ya mwisho. Hilo la kunyamaza ghafla kisha kushtuka linahusika kuliko yote mengine. Naomba unijibu: anaamka asubuhi amechoka hata kama kalala kwa muda wa saa nane? Anasinzia mchana, kwenye gari au kikaoni? Ana shinikizo la damu? Ni mnene wa shingo?

BintiMwika
Asante dada. Shinikizo analo, anatumia dawa. Kusinzia ndiyo, hata mezani, sisi tulidhani ni kazi nyingi. Shingo ndiyo hivyo, mashati ya tai hayamfungi.

nesi_wa_zamu
Basi nakusihi aende kwa daktari kabla hamjalipia chochote zaidi. Sisemi ana ugonjwa, mtu hapimwi kwa kuandikiana. Ila dalili hizo kwa pamoja ndizo za mtu ambaye koo lake linajifunga akiwa usingizini. Kifua kinahangaika kuvuta hewa, hewa haipiti, oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unamshtua, anavuta pumzi kwa kishindo, analala tena. Inajirudia usiku kucha bila yeye kujua.

Sasa mpeleke mtu huyo Kibo, ambako kila pumzi ina oksijeni isiyofika asilimia 60 ya ile ya Dar es Salaam. Kila anaposimama kupumua anaanzia chini zaidi.

Msichanganye na jambo jingine ambalo mlimani huwapata hata wazima. Juu, mtu aliyelala hupumua haraka, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, ubongo unaona hakuna haja ya kupumua, anatulia sekunde kadhaa, kisha anaanza tena kwa pumzi kubwa. Huyo si lazima awe anakoroma, na koo lake liko wazi. Inaogopesha kumsikia lakini ni kawaida ya mwinuko. Kaka yako yeye yanamtokea nyumbani, usawa wa bahari. Hiyo ndiyo tofauti.

Na tafadhali, asimeze vidonge vya usingizi wala asinywe pombe kule juu "ili alale vizuri". Vyote vinalegeza koo na kupunguza msukumo wa kupumua. Dawa ya Diamox husaidia wengi kuzoea mwinuko na hutuliza huko kupumua kwa kusitasita, lakini haifungui koo lililojifunga, na kwa mtu mwenye dawa za shinikizo daktari aamue.

NyeriKwetu
Salamu kutoka Kenya. Nakubaliana na nesi asilimia mia. Sisi kwa Mlima Kenya tunalala Old Moses na Shipton's, vyumba ni vya watu wengi, vitanda vya juu na chini. Nina la kuongeza juu ya sauti za usiku, kwa sababu naona watu wanafikiria kila sauti ni kukoroma.

Mtu akipumua na unasikia kitu kama majimaji yanachemka kifuani, anakohoa, anakosa pumzi hata akiwa ameketi, midomo imegeuka rangi, huyo hakoromi. Mapafu yake yanajaa maji kwa sababu ya mwinuko. Usiweke vizibo masikioni ukalala. Amsha kiongozi wenu saa hiyohiyo, huyo anahitaji kuteremshwa usiku huohuo, hakuna kungoja kupambazuke. Vivyo hivyo mtu akiamshwa na anaongea vitu visivyoeleweka, au akisimama anayumba. Ndio maana mimi huvaa kizibo sikio moja tu, na kabla ya kulala tunakubaliana nani atakuwa wa kuamshwa.

Mbongo_Tirol
Niko Austria na napanda milima ya huku wikendi. Vibanda vya huku vingi vina bweni ambapo mnalala mmepangana kwenye godoro moja refu, bega kwa bega na usiyemjua. Saa nne usiku ni kimya, sheria imebandikwa ukutani na watu wanaifuata. Viatu vinabaki chumba cha mlangoni, ndani unavaa ndara. Kila mtu anakuja na shuka lake la kulalia na vizibo vyake vya masikio. Hakuna anayemlaumu anayekoroma. Anayelaumiwa ni aliyekuja bila vizibo. Anayeondoka alfajiri anapanga begi lake jioni, analitoa koridoni, na asubuhi anavalia nje ya chumba. Hili la mwisho ningependa kuliona Kibo, kwa sababu watu huamshwa kwa makundi na saa tofauti.

Vizibo vya povu ni bei ndogo. BintiMwika anunue pakiti, amgawie jirani yake kibandani pamoja na ile taarifa ya mezani.

Chui_wa_Tabata
Nimesoma maelezo ya nesi. Nilidhani tunaongelea kelele tu. Dada, mpeleke kaka hospitali, na namtakia heri. Msimamo wangu kuhusu saa za Kibo bado uko palepale kwa wengine wote.

Mgumu_wa_Marangu
Hapo tuko pamoja mkuu.

BintiMwika
Narudi na taarifa, samahani kwa kukaa kimya. Kaka amekwenda kwa daktari wa pua, koo na masikio, amepimwa usingizi. Ni kweli koo linajifunga, mara nyingi kwa usiku. Ameambiwa apunguze uzito, na ameanza kulala na mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa. Wifi anasema usiku wa kwanza aliamka mara kadhaa kuhakikisha mumewe bado anapumua, kwa jinsi nyumba ilivyokuwa kimya.

Desemba tumeiacha. Daktari amesema tusubiri miezi kadhaa, kisha atamwangalia upya kama mlima unawezekana na hadi wapi. Swali langu jipya: akiruhusiwa, mashine hiyo inatumika vibandani?

nesi_wa_zamu
Nimefurahi sana. Mwulizeni daktari mambo mawili. Kwanza, mashine nyingi hujirekebisha zenyewe hadi kama mita 2,500 hivi. Mandara tu ni 2,720, Horombo 3,720. Kwa hiyo lazima ajue ya kwenu inafanya nini juu ya hapo. Pili, aseme wazi ni dalili gani zikitokea kaka anateremka bila mjadala, na muongozaji wenu awe nazo kwa maandishi.

Na mfikirie kulala usiku wa ziada Horombo, safari ya siku sita badala ya tano. Kwa yeyote ni bora, kwake zaidi.

Mgumu_wa_Marangu
Umeme wa vibandani ni wa jua, unatosha taa, usiutegemee kwa mashine. Njooni na betri yake, ya usiku wote na ya akiba. Mashine na betri kaka azibebe mwenyewe kwenye begi dogo au ampe mpagazi mmoja anayejulikana kwa jina, visichanganywe na mizigo ya jikoni. Apewe kitanda cha chini, ukutani, mbali na mlango, watu wasije wakajikwaa kwenye waya wakitoka kwenda msalani usiku. Kule juu mtu anakunywa maji mengi, anatoka mara nyingi.

Betri ilale naye ndani ya begi la kulalia. Baridi ya Horombo inaimaliza kabla hajaitumia.