Naomba ushauri: mkataba wa leba ya muziki unasema "masta zote ni mali ya leba"

Mnyalu_wa_Mbagala: Wakuu, habari za jioni. Kuna leba imenipa mkataba, Kiingereza mwanzo mwisho. Watalipia studio na video, ila kuna kipengele kinasema masta zote ni mali yao milele. Masta si lile faili la mwisho analokupa prodyuza? Ninalo kwenye flashi, pamoja na stemu zake, yaani mafaili ya kila ala na sauti mbalimbali. Nikiwapa nakala nikabaki na langu, tatizo liko wapi? Wanataka nisaini Ijumaa.

FundiMitambo: Studio tukisema "nakufanyia masta" ni ile hatua ya kusawazisha sauti baada ya miksi, yaani kuchanganya sauti na ala. Kwenye mkataba ni umiliki wa rekodi yenyewe. Flashi utabaki nayo mpaka uzeeke, lakini ukiupandisha wimbo YouTube bila ruhusa yao, wanaushusha.

Shangazi_Mikataba: Mwanangu, wimbo mmoja una mali mbili. Utunzi, yaani mashairi na melodi, na rekodi, yaani sauti iliyonaswa. Masta ni hiyo ya pili. Taylor Swift, masta za albamu zake sita za mwanzo ziliuzwa 2019 zikaenda kwa watu wengine. Kwa kuwa nyimbo alitunga yeye, kuanzia 2021 akawa anatoa albamu alizozirekodi upya, masta zikiwa zake. Zile za zamani kazinunua 2025. Sasa angalia: je, mkataba wako unakuzuia kurekodi upya? Soma hapo kabla hujagusa asilimia za mgao.

Hiyo "milele" omba iondoke. Wape leseni ya miaka mitano au saba, kisha rekodi zirudi kwako. Wakikaza, ziwe zao hadi gharama zao ziwarudie, na hesabu uletewe kila miezi sita.

Kiduku88: Saini tu dogo. Hata redio hujapigwa unadai masta, utazila?

Shangazi_Mikataba: @Kiduku88 Watakaozila ni wao, wimbo ukishapendwa.

FundiMitambo: Na utunzi kausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kwa jina lako kabla ya Ijumaa. Haki unayo tangu ulipotunga, ila cheti kinasaidia mkibishana.

Mnyalu_wa_Mbagala: Shikamoo shangazi. Nimekikuta ukurasa wa tisa, kwa maandishi madogo: marufuku kurekodi upya miaka kumi. Na utunzi nao wameuchomeka humohumo. Ijumaa sisaini, naenda na wakili.