Hivi kushangilia timu ya nje ikicheza na mtani wako ni kukosa uzalendo? Tujadili bila makasiriko

Wakuu habari za saa hizi. Kuna jambo linanikera kila ukifika msimu wa mechi za CAF, zile za klabu za Afrika, na naomba tulizungumze leo, najua wengine mtakuja mmeshavimba lakini poa tu. Simba ikicheza na timu ya nje, hivi mimi wa Yanga nalazimika kuishangilia? Na Yanga ikicheza, mtu wa Msimbazi, yani Simba, naye alazimike? Maana kila tukifika makundi wanaibuka watu, wengine viongozi kabisa, wanatuambia weka ushabiki pembeni, nchi kwanza, bendera, sijui nini, na ukicheka mtani akifungwa unaitwa msaliti.

Msimamo wangu nautoa mapema msije mkahangaika kunitafuta. Mimi ni Mwananchi damu, kijani na njano, na Simba ikicheza na mgeni yeyote, yule mgeni ni wangu, namtakia kila la kheri, afunge mapema na mpira uishe salama. Uzalendo wangu uko Taifa Stars, timu ya nchi. Stars ikicheza nakaa na makolo, watu wa Simba, benchi moja tunashikana mikono, ikiisha kila mtu anarudi kwao.

Mnaikumbuka Machi 2024? Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, kwa mara ya kwanza nchi yetu imeingiza timu mbili kwa mpigo, Simba kapewa Al Ahly ya Misri tarehe 29, Yanga kapewa Mamelodi ya Afrika Kusini tarehe 30, zote kwa Mkapa. Mji umechangamka, mtu wa Simba ghafla anajiita Msandawana, anakutajia kikosi kizima cha Mamelodi kama wamesoma wote shule ya msingi. Sisi nasi tumegeuka Wamisri. Raha tupu. Waziri wa michezo wa wakati ule, Damas Ndumbaro, akasema Mtanzania atakayetinga uwanjani na jezi ya timu ya wageni atatakiwa aonyeshe pasi ya kusafiria. Jamani! Kijiweni kwetu kahawa ilimwagika. Kuna fundi cherehani pale akauliza kwa sauti kama Arsenal nayo inahusika, maana yeye anaivaa tangu enzi za Henry na hajawahi kufika hata Namanga mpakani.

Na swali la fundi mpaka leo sijasikia aliyelijibu vizuri. Watu wanavaa Man U, Chelsea, Barcelona, wanapigana mpaka ndoa zinatikisika kwa ajili ya timu ambayo hata haijui Tanzania iko upande gani wa ramani, na hakuna anayewauliza pasi. Ila nikivaa Al Ahly siku moja tu kwa ajili ya kumkera jirani yangu nimekuwa tishio la taifa.

Sasa haki ya Mungu upande wa pili nao wana hoja, na hii ndio inayowasumbua wengi kwa hiyo niiseme yote. Hoja yao ni pointi. CAF wanapanga nchi kwa pointi ambazo klabu zimekusanya kwa misimu mitano, zile nchi 12 za juu kila moja inaingiza timu mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Kombe la Shirikisho. Nyingine zinaingiza moja moja. Tanzania ilipopata nafasi nne msimu wa 2021/22 ilitokana kwa sehemu kubwa na Simba, ambao walikuwa wamefika robo fainali ya Mabingwa mara mbili, 2019 walipotolewa na Mazembe na 2021 walipotolewa na Kaizer Chiefs. Na Yanga wakaingia Mabingwa msimu huo huo wakati bingwa wa nchi alikuwa Simba. Yani tulipanda lifti ya mtani, nakubali, sina pa kukwepea. Mzee mmoja wa Simba pale kijiweni kila nikianza kelele ananiambia "mwanangu we tukane tu, ila nauli tulikulipia sisi."

Lakini Mzee wangu, shikamoo, nikuulize kidogo. Zile pointi zinapatikana kwa mabao au kwa makofi yangu? CAF wana afisa anayezunguka vibandani kuangalia nani kashangilia nani? Simba walifika robo zote hizo huku sisi tunawaombea mabaya usiku na mchana na dua zetu hazikufua dafu. Na sisi 2023 tulifika fainali ya Shirikisho huku nusu ya Dar inatuombea tuanguke kwenye kila hatua. Kwa hiyo kama kelele za mtani zingekuwa zinaharibu timu, nchi hii isingekuwa na timu hata moja inayovuka raundi ya awali.

Alafu kuna hesabu ambayo hawa wa nchi kwanza hawaipigi. Uwanja wa Mkapa ni wa watu 60,000. Siku Simba wanacheza na Wydad ya Morocco, Aprili 2023, jirani yangu mtu wa Yanga wa kutupwa alinunua tiketi kwa hela yake, akapanda daladala, akakaa juani, lengo lake likiwa moja tu, awaone Simba wanaaibika. Baleke wa Simba akafunga, mechi ikaisha moja bila, jamaa akarudi nyumbani akapitia mlango wa uani ili watu wa barazani wasimwone. Sasa ile hela ya tiketi nani kala? Msimbazi! Aliwachangia wapinzani wake kwa roho safi kabisa. Ukimwambia asiende kama hashangilii Simba, umemuokoa nani hapo? (Wiki iliyofuata Simba wakatolewa Casablanca kwa penati na jina la Mwakarobo, yani kila mwaka wanaishia robo, likanoga zaidi, jirani akatoka na kiti barazani, akanunulia kahawa wapita njia.)

Na msidhani upande wangu hatujaumia. Ile fainali ya 2023 na USM Alger sijapona. Tumefungwa 2-1 nyumbani tarehe 28 Mei, tukaenda kwao tarehe 3 Juni tukashinda 1-0, na kombe likabaki Algeria kwa magoli ya ugenini, jumla 2-2 ila wao walifunga mawili kwetu. Yani umeshinda na umepoteza, unaanzaje kumuelezea mtu? Mtaani kwetu watu wa Simba walipiga ngoma mpaka saa nane usiku, shemeji yangu, mume wa dada, akanipigia simu ananiuliza kwa upole eti "shemeji, kombe mnalileta kwa ndege au kwa meli?" Nilimkatia. Sikumwita msaliti, sikumpelekea waziri. Nilikaa nasubiri zamu yangu, na zamu ilikuja.

Ilikuja kwanza Novemba 5 mwaka huo huo, zile tano moja tulizompiga Simba. Musonda, Maxi mara mbili, Aziz Ki, Pacome. Hii mechi haihusiani na CAF lakini naiweka hapa kwa sababu zangu binafsi. Jumatatu yake kazini kila mtu wa Yanga anakusalimia kwa kiganja kilichofunguka, hakuna anayeongea, ni mkono tu. Kuna mama ntilie tunakula kwake, Simba wa kuzaliwa, asubuhi ile kila mteja anaagiza chapati tano. Mtu hana uwezo wa kumaliza mbili lakini anaagiza tano. Mama akavumilia wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaweka mwiko chini akasema "tano zimeisha, nina sita, zipo tangu 77, anayetaka nimpashie." Kibanda kizima kimya. Vijana wakabaki wanaulizana 77 kulikuwa na nini, wazee wa Yanga wanaangalia chini, maana ile sita bila tuliyopigwa na Simba ya kina Kibadeni haijapata dawa mpaka leo. Na kama hiyo haitoshi akamalizia "na mkimaliza hizo kuna tano nyingine za 2012, mpaka kipa wetu alifunga." Kaseja, ile penati. Tulilipa tukaondoka.

Ndio nasema huo ndio mpira wetu. Msimbazi na Jangwani ni hapo hapo Kariakoo, mtu anatoka klabu moja mpaka nyingine kwa miguu, timu moja ya 1935 nyingine ya 1936, watu wamezaliana, wameoana, wanakopeshana. Utani hatujafundishwa na mpira. Mimi mama yangu Mzaramo baba Mnyamwezi, nimekulia kwenye utani. Msibani kwetu watani wanakuja wanamuigiza marehemu alivyokuwa anatembea, wanaficha sufuria, mwingine anakwenda kulala njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Mgeni akiona anaweza kuita polisi. Ila hao hao ndio wamechota maji, wamepasua kuni, wamechimba kaburi. Hakuna mtu anayesimama na kumwambia mtani kwamba leo msiba ni wa kitaifa kwa hiyo lia kwanza.

Na sisi wa mpira tunafanya hivyo hivyo. Alipofariki mzee mmoja wa tawi la Simba la mtaani kwetu, tawi la Yanga lilikuja na rambirambi na turubai, na katibu wetu akasimama mbele ya wafiwa akasema marehemu kaondoka mapema kwa kuogopa dabi. Mjane alicheka mpaka akashika ubavu. Mtu ambaye hakuwahi kumtania marehemu asingethubutu kusema vile.

Ila na mimi nisijifanye kila kitu ni utani, hapa ndio nataka tubishane kwelikweli. Mimi naona mpaka upo, ila wameuchora sehemu siyo. Wameuchora kwenye jezi wakati jezi haijamuumiza mtu. Kumvua mtu jezi kwa nguvu jukwaani, huo si utani. Kurusha chupa zenye vitu nisivyotaka kuvitaja, si utani. Kumtukania mtu mama yake mzazi kwenye simu wakati hata hamjuani, hilo nalo. Utani unataka mjuane, yule shemeji akinipigia najua Idi nitakula kwake. Sasa mtoto wa miaka 16 anakaa na bando la jioni anatukana watu 40 ambao hajawahi kuwaona, halafu ukimuuliza anasema "utani wa jadi broo." Jadi gani hiyo?

Na wachezaji wageni tuwafikirie kidogo. Mtu katoka Zambia au Burkina Faso, hajakulia kwenye haya mambo, anakosa penati anafungua simu anakuta maneno ya kutisha mpaka kuhusu mwanae. Yeye hana wa kumwambia kwamba hawa ni watani. Viongozi wangekomaa na hilo ningewapigia makofi ya kusimama.

Kuna mwingine ataniambia zile pesa, goli la Mama, kwamba Rais Samia alianza kutoa milioni tano kwa kila bao 2023 kwa hiyo hizi timu ni za nchi. Sawa, Mama mkuu wa nchi na watoto wote ni wake, anatakiwa awapende wote. Mimi siyo Rais. Mimi ni jirani.

2025 ndio imeweka mizani sawa kwa maoni yangu. Simba wakafika fainali ya Shirikisho, wakafungwa 2-0 na Berkane kule Morocco, marudiano yakahamishiwa Amaan Zanzibar kwa sababu ya hali ya uwanja wa Mkapa, ikaisha 1-1 Mei 25. Rafiki yangu alipanda boti kwenda Unguja kuwapokea Berkane, kaenda na kofia ya Yanga na bendera ya Morocco, kafadhiliwa chakula na pa kulala na ndugu zake ambao wote ni Simba, na wakaenda naye uwanjani. Huko hakuna aliyemgusa, zaidi ya kumnyima urojo asubuhi yake mpaka aombe radhi. Sasa timu zote mbili zina fainali ya Shirikisho na hakuna aliye na kombe, ingawa wao watawahi kuleta ile fainali ya Kombe la CAF 1993 na Stella Abidjan ili waonekane wana mbili. Waleteni tu, hiyo nayo mlifungwa nyumbani.

Haya uwanja ni wenu. Wa nchi kwanza njooni na hoja ya pointi mnieleze kwa nini mdomo wangu uhesabiwe. Wa Yanga wenzangu mnaoshangilia Simba kimyakimya, na mpo, nawajua, semeni ni kwa nini. Na nyinyi wa Msimbazi kabla hamjaniita msaliti nijibuni hili moja tu na msinidanganye, ile siku ya marudiano na Mamelodi, Aziz Ki wetu alipopiga ule mpira kule Pretoria na refa akakataa goli, mlisimama mkilaani refa au mlikaa mkimshukuru?