UKOO WA MZEE SUFIANI 🌴 – mlango wa pembeni

Da Rehema (Columbus): Shikamooni wakubwa. Jamani mikono bado inatetemeka. Natoka kumchukua Ayubu shule, nipo barabarani, nasikia upepo vuuu nyuma yangu, kugeuka mlango wa pembeni wa gari, huu wa kutelezea kwenye reli, unajifungua wenyewe!! Tena taratibu kabisa kama kuna mtu anausukuma. Chupa ya juisi ikadondoka ikaviringika, gari ya nyuma ikaipasua paa. Mkanda ndo umemshika mwanangu

Mama Mdogo Asha: Ya Rabi 😭 mtoto mzima?

Da Rehema (Columbus): Mzima mama, analilia juisi yake tu

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu, pole sana. Ila hayo madogo, gari langu komeo la mlango lilishakufa zamani, nafunga na kamba ya katani naenda nayo Muheza na kurudi, na watoto wamejaa nyuma

Mama Mdogo Asha: Kaka Hamisi na hiyo unaiona sifa??

Salma: 😂😂 kamba ya katani mjomba

Da Rehema (Columbus): Kinachoniuma taa ya mlango kwenye dashibodi ilishaanza kuwakawaka tangu baridi ilipoingia, asubuhi inawaka mchana inazima, nikapeleka gereji wakafungua wakafunga wakafungua wakafunga wakaniambia dada mlango hauna shida, ukirudia lete tena. Sasa urudie vipi, mpaka mtoto adondoke?

Kassim Fundi: Da Rehema pole. Naomba niulize, mlango ni wa umeme au wa kuvuta na mkono?

Da Rehema (Columbus): Wa umeme, unabonyeza kitufe

Kassim Fundi: Sawa sikiliza. Huo mlango una mota inayovuta kebo kwenye reli, alafu una komeo la mbele na la nyuma. Ule mlio wa mwisho mlango ukiwa unajifunga, kama unanyonywa ndani hivi, ndo komeo linavuta mlango ukae. Sasa komeo lisipouma mpaka mwisho mlango kwa nje utauona umefunga, umelingana na bodi kabisa, kumbe umeegeshwa. Ukikata kona au ukigonga tuta, unaachia. Hiyo taa inayowaka na kuzima ndo hiyo hiyo habari, sio taa mbovu

Kassim Fundi: Na baridi inachangia sana. Toyota Sienna za 2011 mpaka 2016 Marekani kiwanda kiliziita zirudi zitengenezwe mwezi wa 11 mwaka 2016, kama laki saba na arobaini na kitu huko kwenu tu. Shida ilikua mlango ukikwama, mfano umegandiana na barafu, mota inavuta inazidiwa, fyuzi inakata. Sasa fyuzi ikikata wakati komeo limeshaachia, linabaki hivyo hivyo limeachia na wewe unaendesha zako. Na Honda Odyssey za 2018 mpaka 2020 nazo ziliitwa 2020, maji yalikua yanaingia kwenye kebo ya kitasa cha nje, yakiganda komeo halishiki

Salma: Kassim haya yote unayajulia wapi

Kassim Fundi: Ndo kazi yangu, we unadhani nashinda napiga soga tu gereji

Da Rehema (Columbus): Ya kwangu sio hizo mbili. Nimeingiza ile namba ya tarakimu na herufi 17, ipo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, kwenye tovuti ya NHTSA, ile mamlaka ya usalama barabarani ya huku Marekani. Imeniambia gari hii haijaitwa. Kwahiyo ndo basi?

Kassim Fundi: Sio basi dada! Kuandika haijaitwa hakuonyeshi kwamba hakuna shida, kunaonyesha bado hawajaita tu. Hapo hapo kwenye tovuti kuna sehemu ya kulalamika, jaza. Hao watu malalamiko wanayasoma, yakija mengi ya gari moja na tatizo moja wanafungua uchunguzi. Weka mwendo uliokua unaenda, hali ya hewa, taa iliwaka lini, na ile karatasi ya gereji iliyoandikwa hawajaona tatizo iambatanishe, hiyo ni dhahabu

Da Rehema (Columbus): Karatasi hawakunipa

Kassim Fundi: Rudi uidai. Gari likiingia gereji lazima liandikwe limeletewa nini na limefanyiwa nini. Usikubali kuambiwa kwa mdomo

Shangazi Mwajuma: Amemaliza. Sisi ukoo huu tunapenda kunyamaza alafu tunakuja kulia matangani. Rehema andika mama. Huko waliwahi kuandika watu mpaka Chrysler mwaka 1995 wakakubali kubadilisha makomeo ya mlango wa nyuma kwa vani zaidi ya milioni nne, milango ilikua inafumuka gari likigongwa watu wanarushwa nje. Marehemu mjomba wenu alikua Detroit miaka ile ndo alikua anatuhadithia

Mjomba Hamisi: Dada Mwajuma nawe umo 😀

Shangazi Mwajuma: Nimo, na kamba yako nimeisoma

Kassim Fundi: Da Rehema kwa sasa tafuta swichi ya kuzima umeme wa milango, mara nyingi ipo kwenye dashibodi, zima. Funga kwa mkono, alafu toka nje uvute mlango kwa nguvu uone kama umeuma. Na Ayubu mhamishe upande wa pili

Da Rehema (Columbus): Nimeshamuweka katikati. Asante mdogo wangu

Mjomba Hamisi: Na mie nimejaribu hiyo tovuti ya Rehema, nimeweka namba ya chesisi kutoka kwenye kadi ya gari, inagoma, inasema namba fupi. Wazungu bana

Salma: 😂😂😂

Kassim Fundi: Mjomba gari yako imetoka Japani, namba yake ya chesisi haifiki 17. Hiyo inaangaliwa kwenye tovuti ya kiwanda ya Japani kwenyewe, ipo kwa Kijapani ila simu inatafsiri. Mana hapa kwetu tunanunua gari mkono wa pili wa tatu, barua ya kiwanda inaenda kwa mtu aliyeshaiuza huko Osaka. Kukupigia wewe Tanga nani anakujua

Mjomba Hamisi: Sawa nitamwambia Salma anitazamie. Ila la kwangu nadhani ni uchafu tu

Kassim Fundi: Naikumbuka hiyo reli, nilivyosafisha Idi ile nilitoa maganda ya karanga, mchanga wa Raskazone, shilingi hamsini na mfuniko wa kalamu umetafunwa. Rola, kile kigurudumu cha mlango, imelika upande mmoja. Ila mjomba mie kinachonipa wasiwasi sio reli, ni kizingiti, lile bati la chini ya mlango

Mjomba Hamisi: Kizingiti kina nini, si nilikipiga rangi

Kassim Fundi: Ulipiga puti na rangi juu ya kutu. Mkono wa rola ya chini unatembea humo humo, sasa bati likiliwa na kutu mlango mzima unaning'inia kwenye reli mbili badala ya tatu, kamba itasaidia nini? Gari inalala mita chache kutoka baharini mjomba, chumvi inakula kwa chini we unaona juu panang'aa. Huko kwa Da Rehema wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, Sienna za 1998 mpaka 2010 za majimbo ya baridi ziliitwa kwa sababu kibebeo cha tairi ya spea kilikua kinaoza tairi linaweza kudondoka barabarani. Bahari yako ni ile ile chumvi

Mama Mdogo Asha: Hamisi wajukuu zangu hawapandi tena hilo gari. Nimesema

Mjomba Hamisi: Haya jamani mnanishambulia wote. Kuchomelea kizingiti shilingi ngapi?

Kassim Fundi: Mpaka nikwangue puti nione. Siwezi kukutajia bei ya shimo nisilolijua

Shangazi Mwajuma: Hela ya mchango wa harusi aliyotoa Hamisi wiki iliyopita mrudishieni akatengeneze mlango. Mweka hazina upo?

Salma: Shangazi ile tumeshalipia maturubai 🙈

Da Rehema (Columbus): Nimeshatuma lalamiko, wamenipa namba ya kumbukumbu. Karatasi naifuata kesho. Mjomba nitakutumia ya kuanzia, ila namtumia Kassim mkononi sio wewe

Mjomba Hamisi: Kwanini isiwe mimi

Mama Mdogo Asha: Utanunua kamba mpya

Kassim Fundi: 😂😂 Mjomba Jumamosi saa mbili asubuhi, na uje na gari tupu, yale magodoro uliyobeba mara ya mwisho uyaache nyumbani