Mama kitandani, mimi najipaka liwa. Nimekosea?

Bint Mwambani, Tanga

Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Mama alipata kiharusi mwaka jana mwezi wa kumi. Upande wa kulia wote umelala, maneno yamebaki mawili matatu. Mimi ndiye ninayemuuguza. Mchana namlisha uji, namwosha, namgeuza. Usiku nategesha simu ilie kila baada ya saa mbili nimgeuze tena, asije akafanya vidonda. Alfajiri nakanda maandazi ya kuuza. Humo katikati nimeacha kusuka nywele, nakula nimesimama, na vidonge vyangu vya presha vimeisha tangu Rajabu sijaenda kuchukua vingine. Hata swala naiswali kama mtu anayekimbizwa: natoa salamu nimeshanyanyuka nusu.

Ijumaa iliyopita mdogo wangu alikuja kutoka Pangani, akaniambia, "Leo niachie mimi." Nikatoa kijiwe cha Mama na kipande chake cha liwa, ule mti wa kunukia, nikasugua kwa matone ya marashi ya waridi mpaka ikawa nzito kama uji wa mtoto. Nikajipaka mwili mzima, nikakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi uani, hadi liwa ikakauka na kuanza kuvuta ngozi. Hapo nikalia, wala sijui nilikuwa nalilia nini. Nikaoga, nikafukiza kanga yangu kwa udi, nikatandika mswala. Jamani, ile adhuhuri niliswali. Kila neno la Alhamdu nililisikia likitoka kinywani mwangu.

Sijakunja mswala, wifi yangu akaja kumjulia Mama hali. Harufu ilimpokea mlangoni. Akasema, "Mama yako hajiwezi, wewe unajipaka liwa kama biharusi?"

Neno hilo limenikaa kifuani wiki nzima. Naomba mnijibu kwa ilimu, msinibembeleze. Nilichofanya ni anasa, au kinaweza kuwa ibada? Maana kwangu kilikuwa kama udhu mrefu.

Mwalimu wa chuo, Wete

Waalaykum salaam dada. Kisa cha maswahaba wa Mtume, Salman na Abu Dardaa, radhi za Allah ziwe juu yao, kimo katika hadithi za Bukhari, nacho kinakuhusu kuliko unavyodhani.

Salman alimtembelea nduguye Abu Dardaa. Kitu cha kwanza alichokiona ni mke wa nyumba ile, Ummu Dardaa, yuko katika nguo duni, hajijali. Akamuuliza, una nini? Akajibiwa kwamba Abu Dardaa hana haja na dunia. Chakula kikaletwa, mwenyeji akasema nimefunga, Salman akakataa kula mpaka naye ale. Usiku mwenyeji akataka kusimama kuswali, Salman akamwambia lala. Akataka tena, akamwambia lala. Mwisho wa usiku ndipo akamwamsha, wakaswali wote wawili. Kisha akamwambia: Mola wako ana haki juu yako, nafsi yako ina haki juu yako, na watu wako wana haki juu yako, basi mpe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, akasema Salman amesema kweli.

Angalia kisa kilipoanzia: kwenye nguo za mwanamke aliyejisahau.

Na la pili. Kuacha pambo na manukato kwa huzuni kuna mpaka wake. Mwanamke akifiwa, hata na mzazi, mwisho wake ni siku 3; mume peke yake ndiye wa miezi 4 na siku 10. Mama yako yu hai, nawe unakaa kama mfiwa tangu mwezi wa kumi. Eda hiyo umewekewa na nani? Kuoga na kupiga mswaki siku ya Ijumaa ni sunna, nawe ulijitia harufu ukiwa ndani ya nyumba yako. Tia nia tu kwamba unaupa mwili haki yake ili uweze kusimama mbele ya Mola wako na mbele ya mama yako. Mengine mwachie Yeye.

Muuguzi mstaafu, Lushoto

Marahaba mwanangu. Mimi ni Mlutheri, ya liwa siyajui. Nimekaa wodini miaka 31, na katika maelezo yako yote kilichonishtua ni vidonge. Presha ya kupanda ndiyo inayoongoza katika kusababisha kiharusi. Umeona ilichomfanya mama yako, halafu ya kwako unaiacha itembee yenyewe? Kesho nenda kapime. Maandazi yalale siku moja.

Usimnyanyue kwa mikono mitupu. Kunja shuka mara mbili, ilale chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, uivute hiyo kumgeuza. Kitanda kiinue kwa matofali kifike kiunoni mwako, mgongo utakushukuru. Na usiku mgawane na huyo wa Pangani, japo wiki moja kwa mwezi.

Kwetu katika Biblia yupo nabii Eliya. Alichoka mpaka akamwomba Mungu amtoe roho, akalala chini ya mti jangwani. Malaika alipokuja hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate uliookwa kwenye makaa na maji, akamwacha alale tena, akaja mara ya pili na chakula. Maneno ya Mungu yalikuja baadaye kabisa, mlimani. Nilikuwa nawasimulia hili wanafunzi wangu wa uuguzi wanaojinyima kula zamu nzima.

Mama Wawili, Mombasa

Pole mpenzi. Huyo wifi usimjibu kwa maneno. Mwachie Mama kutwa moja tu, na simu inayolia kila baada ya saa mbili. Mimi niliyemuuguza mkwe miaka mitatu najua: anayesema sana ni yule ambaye hajawahi kufua zile shuka.

Bint Mwambani, Tanga

Mwalimu, pale kwenye eda nilisoma nikaweka simu chini. Allah akulipe. Bibi muuguzi, nimekwenda: 168 kwa 102. Nimepigiwa kelele na nimepewa vidonge. Mdogo wangu atakuja wiki ya kwanza ya kila mwezi. Wifi bado hajakanyaga kwangu, ila nitampelekea maandazi.

Leo Ijumaa nilisugua liwa nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda cha Mama. Alikuwa ananitazama mikono. Mara akanyoosha mkono wa kushoto, akanipokonya kile kipande, akaanza kusugua mwenyewe huku nimemshikia kijiwe. Ilitoka nyepesi, inachuruzika. Nikampaka usoni na shingoni, nikajipaka na mimi, tukakaa hivyo mpaka ikakauka.

Bibi, kisigino chake cha kulia kina wekundu kidogo. Naweza kukipaka?

Muuguzi mstaafu, Lushoto

Hapo usipake kitu, wala usisugue. Weka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kielee hewani kisiguse godoro. Kibonyeze kwa kidole: wekundu usipofifia, usisubiri Jumatatu, mpeleke akaonwe.