Kompyuta 23, ofisi moja, kila mtu admini. Nianzie wapi?

dogo_wa_tudor
Salam aleikum wadau. Niko kwenye ofisi ya kliaringi hapa Moi Avenue, sisi kazi yetu ni kutoa makontena Kilindini, na mie niliajiriwa kuandika makaratasi ila kwa sababu siku moja nilitengeneza printa basi nshakuwa mtu wa IT, mshahara ule ule. Tuko na kompyuta 23, kila moja paswedi yake ni ile ile na imebandikwa kwa kikaratasi chini ya kibodi, kila yuza ni admini wa mashine yake (anaweza kubadilisha chochote humo), halafu kuna folda moja ya pamoja kwenye kompyuta ya mhasibu ambayo kila mtu anaingia anafuta anaondoka. Wiki iliyopita invoisi za mwezi mzima zimepotea na hakuna anayejua nani kafuta. Kuna kijana alitoka kazini kitambo lakini paswedi bado anaijua, na waifai inafika mpaka kibandani anakokunywa chai. Sasa bosi ataka mambo mawili: mambo ya pesa yaonwe na wa pesa tu, na mtu akitoka kazini afungiwe siku hiyo hiyo. Nikizunguka mashine moja moja nitamaliza lini? Nisaidieni, na bajeti si kubwa.

fundi_wa_sava
Aleikum salam. Unachotafuta ni Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti na ruhusa za ofisi nzima, ipo tangu Windows 2000 kwa hivyo si kitu kipya cha kuogopa. Unaweka Windows Server kwenye mashine moja, unaifanya iwe ndo mwenye domeini (yaani msimamizi wa kundi zima la kompyuta zenu), zile 23 unaziunga hapo, basi akaunti zote zinakaa sehemu moja. Mtu akitoka kazini unazima akaunti yake mara moja, na hawezi tena kuingia kwa jina lake kwenye mashine yoyote inayowasiliana na sava. Nasema KUZIMA, usifute. Ukifuta halafu ukatengeneza nyingine kwa jina lile lile sava inaihesabu ni mtu mwengine kabisa, ruhusa zake zote za zamani zimekufa.

Kabla hujanunua chochote zunguka uangalie kila kompyuta ina Windows gani. Ikiwa ni Home haiungiki na domeini, lazima iwe Pro kwenda juu. Hapo ndo wengi bajeti huwavunjikia, wanunua sava kisha wagundua nusu ya laptopu ni Home. Na leseni ya sava peke yake haitoshi, kuna leseni za watumiaji au za mashine juu yake. Ila Microsoft wanatoa toleo la majaribio la siku 180, chukua hilo ujifunzie kwanza.

nyaya_na_kahawa
Mkuu hapo juu amempeleka mtoto wa watu dukani moja kwa moja 😂 Dogo, kama pesa ni tatizo kuna Samba, ni ya bure, inakaa kwenye Linux (mfumo wa bure badala ya Windows) na tangu toleo la 4.0 la 2012 inaweza kuwa mwenye domeini vile vile. Mashine za Windows hazijui hata tofauti. Mimi ninayo ofisini Nyali. Ubaya wake nauona nikiwa na sava mbili, ile folda ya sera (masharti ambayo sava huzipa kompyuta) haijinakili yenyewe kutoka moja hadi nyingine, nimeandika skripti yangu. Kama Linux hujawahi kuigusa, kaa mbali, usije ukanitukana usiku.

bi_mkubwa_wa_ofisi
Wanaume mmekimbilia sava, ruhusa zenyewe hakuna aliyezigusa. Mwanangu, chukua karatasi, andika kazi zilizoko hapo ofisini. Wa pesa, wa makaratasi, wa kufuata mizigo bandarini, wakubwa. Kila kazi ifanyie kikundi chake, na ruhusa ya folda upe KIKUNDI, usimpe mtu jina kwa jina hata akulilie. Mie nilirithi ofisi ambayo folda moja ilikuwa na majina arubaini, mengine ya watu walioolewa wakahama, mengine hata hayana jina ni manamba tu kwa sababu akaunti zilifutwa. Nilikaa nayo wiki mbili. Mtu akihama kutoka makaratasi kwenda pesa unamtoa kikundi hiki unamtia kile, folda huzigusi.

La pili, folda ya kwenye mtandao ina ruhusa sehemu mbili, za kushirikisha na za diski yenyewe, na mtu akiingia kupitia mtandao ile inayobana zaidi ndo inafanya kazi. Hapo watu huchanganyikiwa. Legeza kule kwa kushirikisha, bana kwa diski, basi una sehemu moja tu ya kuangalia. Na ile Deny (ya kumkataza mtu waziwazi) usiiguse, ndo inayoleta vilio. Asiye na ruhusa usimwandike tu.

Halafu uadmini usiwanyang'anye wote siku moja. Anza na mashine zako mbili tatu, uone programu gani ya zamani inakataa kufunguka bila uadmini, lazima ipo moja.

fundi_wa_sava
Bi mkubwa kamaliza. Naongeza UPS, ile betri ya kushikilia umeme, stima ikikatika sava ikizima vibaya utalia. Na bekapu iwe nje ya hiyo sava, maana domeini haizuii mwenye ruhusa kufuta.

dogo_wa_tudor
Wadau nimerudi. Sava ya majaribio imesimama, vikundi vinne, ila kompyuta zakataa kuunga, zasema domeini haionekani. Na sava naiping'i (naijaribu kama iko kwenye mtandao) inajibu vizuri tu!

nyaya_na_kahawa
DNS, ile inayotafuta anwani ya mashine kwa jina lake. Nakubetia chapati. Rauta yako inagawa 8.8.8.8 (DNS ya Google) au kitu kama hicho, na Google haijui domeini ya ofisi yenu Moi Avenue. Kwenye kila mashine DNS iwe anwani ya sava yako PEKE YAKE, wala usiweke 8.8.8.8 kama ya pili. Majina ya nje sava itayauliza yenyewe.

dogo_wa_tudor
Wallahi ilikuwa ni rauta. Nimebadilisha kule kule kwa DHCP (sehemu ya rauta inayogawa anwani kwa mashine), 22 zimeingia. Ya mapokezi bado ina vituko, ilikubali kuungwa lakini ikizimwa usiku asubuhi yaamka tarehe iko 2009 na folda hazifunguki.

fundi_wa_sava
Betri ya bodi imekufa, ile ya duara kama sarafu, CR2032. Saa ya mashine ikipishana na ya sava zaidi ya dakika 5 Kerberos (mfumo wa kuthibitisha wanaoingia) inakataa, ndo ilivyowekwa. Badilisha betri.

dogo_wa_tudor
Shukran, imekubali. Sasa balaa jengine, bosi nilimsahau, sikumtia kikundi chochote 😅 Kaniita mbele ya watu aniuliza hii folda ya pesa ni yake au yangu. Nshamtia kwa kikundi cha wakubwa nusu saa sasa na bado yamwambia hana ruhusa. Yuko nyuma ya kiti changu hapa naandika.

bi_mkubwa_wa_ofisi
Mwambie atoke kwenye akaunti kisha aingie tena. Vikundi vyake vinasomwa pale anapoingia, alipoingia asubuhi hakuwemo.

dogo_wa_tudor
Imefunguka. Ameondoka hata hajasema asante.