Bosi katuma meseji saa nne usiku, sikujibu, ati mie mvivu?

dogo_bandarini: Wakuu habari za jioni. Niko ofisi moja ya kliaringi hapa bandarini Tanga, miaka 26. Bosi kafungua grupu la WhatsApp, juzi saa nne na dakika kumi usiku kaandika "nani ana namba ya ile kontena", mie nshalala zamani. Asubuhi naambiwa mbele za watu vijana wa siku hizi hamna uchungu na kazi. Mkataba wangu unaisha saa kumi na moja jioni. Kosa langu nini?

MzeeMakorora: Mwanangu, nyie mnataka mshahara wa meneja na ratiba ya mstaafu. Baba yangu kakata mkonge kule Amboni hadi mgongo ukapinda, hakuuliza saa hata siku moja, na sisi tukasoma.

binti_duga: Shikamoo mzee. Kumbe baba alikuwa manamba, ndo maana unaona kawaida mnyapara akufate mpaka kitandani 😂 Sheria ya ajira ya 2004 ni saa 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ovataimu, mara moja na nusu. Na Ufaransa toka 2017 sheria inampa mfanyakazi haki ya kuzima simu ya kazi.

MzeeMakorora: Marahaba. Salamu nimepokea, tusi chukua mwenyewe. Baba yangu hakuwa manamba! Manamba ni wale vibarua walioletwa na silabu, ile ofisi ya kuandikisha watu wa mkonge, toka bara huko Kigoma, Songea, sisi Wabondei wa Muheza, shamba letu lipo na minazi yake ipo.

mjukuu_wa_Muha: Haya, sasa manamba limekuwa tusi? Babu yangu kaja na silabu, kapewa namba, kakata mkonge, kaoa hapahapa Ngamiani. Huo mji unaojivunia ulisimama kwa mkonge nani aliokata, mzee? Minazi yako?

binti_duga: Mie nlitania tu jamani

mjukuu_wa_Muha: Tania na babu yako.

Pongwe_halisi: Mnagombania namba mnaacha kazi yenyewe. Mkonge ulikatwa kwa meta, yaani kipimo cha mizigo uliyokata, si kwa saa. Babu yangu alitoka na kisu alfajiri giza totoro, saa tano kashamaliza meta zake, karudi, kajipaka mafuta ya nazi mikononi maana ule utomvu unawasha balaa, kisha bao chini ya mwembe mpaka magharibi. Na kipande, ile kadi ya kazi, kilikuwa siku 30 za kazi, si 30 za kalenda, siku hukwenda hupati alama, yameisha. Hakuna mnyapara aliyemgongea mtu saa nne usiku kumuuliza mzigo wa jana uko wapi. Kwahiyo mzee, baba yako alikuwa na jioni yake, huyu dogo hana.

MzeeMakorora: Saa tano??? Labda mkonge wa kuchora. Mzigo mmoja majani 30, ukate, utoe miba, ufunge, ubebe mpaka barabarani, jua la Tanga unalijua wewe?

duka_barabara_ya8: Mie mwajiri, nina vijana watatu dukani. Usiku siwapigii, nawaheshimu. Ila mchana mteja anauliza nati, kijana anacheka na simu, mzigo ukishuka toka Dar ndo siku anaumwa kichwa. Muda wake haki yake, sawa, na muda wangu je?

dogo_bandarini: Mkuu wa duka mchana mie simu ya ofisi ndo kazi yenyewe. Nimeuliza meseji ya saa nne naona mshafika Muheza. Namba ya kontena ilikuwa kwenye faili mezani kwake, ajue tu.

MzeeMakorora: Pongwe, jibu. Babu yako alikuwa shambani au korona, kule kiwandani kwenye mashine ya kusaga mkonge?

Pongwe_halisi: Shambani.

MzeeMakorora: Meta ngapi kwa siku?

Pongwe_halisi: Ngoja nimpigie mama.

binti_duga: Saa hizi? Saa nne hii 😂