FJ60: kutoa injini ya 2F na kuweka 1HZ ya dizeli nyumbani, nini kinakwamisha?

Zege_Kavu:
Habari wakuu. Nina Land Cruiser FJ60 yenye 2F ya petroli na giaboksi ya gia nne. Nataka kuingiza 1HZ na kazi nifanyie nyumbani. Vifaa vipo: cheni bloku ya tani moja, mashine ya kuchomelea, sakafu ya zege. Injini niliyoiona imetoka kwenye gari la volti 24 na inauzwa bila giaboksi. Kuinua na kushusha hakunipi shida. Nauliza giaboksi yangu inaweza kubaki, na ni mambo gani huzuka gari likiwa limeshafumuliwa.

Meno21:
Hiyo injini tupu iache, mkuu. Tafuta 1HZ iliyotoka kwenye Land Cruiser 70 ikiwa na H55F yake (giaboksi ya gia tano), nyumba ya klachi, flaiwili, klachi na stata. Giaboksi yako haifungi kwenye 1HZ moja kwa moja. Adapta ya kuchonga inawezekana, ila shafti ya giaboksi ikikaa pembeni kidogo tu, beringi yake ndogo iliyo mwisho wa krenki inakufa na klachi inaanza kung'ang'ania.

H55F ni ndefu kuliko ya gia nne, kwa hiyo transfa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma) inasogea nyuma: shafti ya propela ya nyuma inafupishwa, ya mbele inarefushwa. Vipimo vichukue gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Likiwa juu ya stendi ekseli zinaning'inia, na urefu utakaopata ni wa uongo.

Injini ikiwa nje, badilisha oili sili ya nyuma ya krenki, beringi ya klachi na taimingi belti hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Belti ya 1HZ ni ya kilomita 100,000, na ikikatika valvu zinagonga pistoni.

Zege_Kavu:
Nimekuelewa. Kama nikipata seti kamili lakini ni ya volti 24, bado nihangaike nayo?

Waya_Mwekundu:
Chukua, ila FJ60 ni volti 12, kwa hiyo stata, alteneta, plagi za joto na soleno ya kuzimia kwenye pampu ya dizeli vyote viwe vya volti 12. Usichanganye plagi na rilei yake: plagi za mfumo wa volti 12 ukizipa 24 zinaungua ndani ya sekunde chache.

Soleno ndiyo inayowachosha wengi. Inataka umeme muda wote swichi ikiwa ON, na pia wakati stata inazunguka. Ukichukua waya wa redio, umeme unakatika pale pale unapopiga stata na gari haliwaki. Ukichukua waya wa koili ya zamani, pima kwanza: kama unapita kwenye rezista, volti hazitoshi kuinua soleno. Geji nazo zibaki na sensa za 2F, utafute adapta ya nyuzi za skrubu ili ziingie kwenye 1HZ. Sensa ya 1HZ kwenye geji ya FJ60 itakudanganya joto.

Sampu_Juu:
Kwenye maundingi (vishikio vya injini) usiwe na haraka. Funga injini na giaboksi zikiwa kitu kimoja, zining'inize mahali pake, halafu shika mabano ya bamba la milimita 6 kwa nukta tu za kuchomelea. Sasa kandamiza springi za mbele mpaka raba za kuzuia zigusane na ekseli. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ibaki na nafasi ya milimita 25 hivi juu ya difu na propela, na feni isipungue milimita 20 kutoka kwenye rejeta. Sampu za 1HZ hazifanani umbo kati ya gari na gari. Ukiridhika, toa injini ndipo uchomelee moja kwa moja, waya za alteneta na betri zikiwa zimetolewa.

Giaboksi ikigoma kuingia sentimita ya mwisho, usiivute kwa bolti. Ama diski ya klachi haiko katikati ama meno hayajakutana. Ukilazimisha, sikio la nyumba ya klachi linapasuka.

Na breki: 2F ilikuwa inavuta vakyumu kwenye manifoldi. Dizeli haina hiyo, hivyo injini ije na pampu yake ya vakyumu, la sivyo busta ya breki ni pambo.

Zege_Kavu:
Tangi je? Nikimwaga petroli yote inatosha?

Sampu_Juu:
Haitoshi. Pampu ya 1HZ inalainishwa na dizeli yenyewe, na petroli inaondoa ulaini huo. Shusha tangi, lioshe kwa dizeli mara mbili, badilisha hozi za raba, weka filta yenye kichujio cha maji. Mrija wa kurudisha mafuta uwe wazi kabisa; ukiziba, sili za pampu zinaanza kuvuja. Na tangi lililobeba petroli usilichomelee, hata likionekana kavu.

Siku ya kuwasha, bomba pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, legeza nati za nozeli mbili tatu, piga stata si zaidi ya sekunde 15 kwa mkupuo. Likiwaka halafu likazima baada ya dakika moja, linavuta upepo: weka kipande cha hozi angavu kabla ya pampu utazame viputo. Ubao bapa uwe karibu na mdomo wa hewa, injini ikipanda mzunguko yenyewe uzibe. Ubao, si kiganja.